Duara la Dakika Kumi na Mbili

16 Januari

Kwa Mwalimu wa Video,

Salamu kwanza, maana mtu akianza barua bila salamu anaonekana ana shida. Shida ninayo, ila itafuata baadaye.

Hunijui. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tano katika shule ambayo mwaka huu imeingia kwenye programu ya kimataifa, hii hii ya kwenu. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye semina ya mafunzo kazini. Mratibu alizima taa akatuwekea video ya somo lako la duara la mazungumzo: watoto wamekaa mviringo, wewe umekaa kwenye kiti kidogo kama vyao, swali moja linazunguka, na kila mtoto analijibu kwa zamu bila kusukumwa. Dakika kumi na mbili tu. Ilipoisha, mwalimu mmoja mzee wa hesabu aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Hawa wamewekewa betri." Tukacheka, lakini sidhani kama kuna aliyetoka mle ndani bila kukuonea wivu.

Kila mmoja wetu ametakiwa achague mwalimu mmoja wa programu ambaye angependa kujifunza kwake, waandikiane mwaka mzima. Wenzangu wamechagua wa karibu ili wakutane wanywe chai. Mimi nimekuchagua wewe.

Darasa langu lina meza nzito za mbao. Kuzisogeza ili tupate duara ni kazi ya wapagazi, na kelele zake zimeshamleta mwalimu mkuu mlangoni kuuliza nani anahama. Hilo nitalimudu. Ninaloshindwa ni hili: nina mvulana mmoja mwenye kigugumizi. Si kile cha kurudia neno mara moja moja. Neno linamkwama kooni, mishipa inamtoka shingoni, macho anayafumba, na duara zima linasimama hapo hapo. Wenzake wamembatiza Pikipiki, kwa sababu wanasema anawaka kwa shida asubuhi.

Nimeirudia video yako mpaka mke wangu anaijua. Kwenu kila mtoto amesema, tena kwa raha. Naomba unifundishe: mtoto kama huyu unamwingizaje kwenye duara?

Wako katika chaki,
Mwalimu wa Darasa la Tano


2 Februari

Ndugu Mwalimu,

Barua yako imenifikia na imenichekesha. Mwambie mwalimu wa hesabu kwamba betri nilizinunua mwenyewe.

Nakushukuru kwa maneno yako, ingawa umenipandisha juu kuliko ninavyostahili. Tangu video ianze kuzunguka nimefanywa mkufunzi. Nusu ya mwezi niko darasani, nusu niko njiani na begi, naenda kuwaonyesha walimu wengine. Baba yangu, dereva mstaafu wa lori, ameihifadhi video hiyo kwenye simu yake. Mgeni hajakaa vizuri, ameshashikishwa simu. Juzi alikuja fundi kuziba bomba la jikoni, akaondoka anajua namna ya kuuliza swali lisilo na jibu moja.

Kuhusu meza: usizisogeze kila siku. Ziache ukutani, watoto wavute viti tu. Swali liwe moja, fupi, ambalo hata wewe hujui jibu lake. Usimsifu anayejibu vizuri, maana wanaofuata watamwiga. Usianze na yule hodari. Na usiogope kimya. Darasa likinyamaza haimaanishi kwamba mwalimu ameshindwa.

Kuhusu kijana wako, subira tu. Kila darasa lina watoto wake.

Karibu sana kuniandikia.

Mwenzio katika kazi,
Mwalimu wa Video (jina hilo hata mimi nimeshalizoea)


20 Februari

Dada Mwalimu,

Ruhusa ya kukuita dada nimejipa mwenyewe. Ukikataa, sema.

Meza ziko ukutani na mwalimu mkuu amepata amani. Swali la wiki hii lilikuwa, "Ni kitu gani watu wazima wanakisahau?" Ungewasikia! Mtoto mmoja akasema watu wazima wanasahau kwamba wanasikika. Nilikaa kwenye kiti changu kidogo, magoti yanakaribia kugusa kidevu, najiona mwalimu kweli kweli.

Kisha zamu ikamfika Pikipiki. Nikafanya ulivyosema, nikasubiri. Akafumba macho, akaanza, "Wa-wa-wa..." Ikakwama. Nikasubiri. Msichana wa upande wa pili akatoa mlio wa injini, taratibu, kwa midomo. Wa pembeni yake akabadili gia. Darasa likaangua kicheko. Na mimi, dada, sijui nikwambieje, na mimi nilicheka. Si sana. Kidogo tu, puani. Lakini ndipo alipofumbua macho, na aliyemwona kwanza ni mimi.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Yeye ni nesi, hana maneno mengi. Akasema, "Wale ni watoto. Wewe ulikuwa unacheka nini?"

Basi nikaona niwaonyeshe video yako, wajifunze kusikilizana. Waliipenda. Ilipoisha Pikipiki akanyoosha mkono, jambo ambalo halifanyi kamwe. Ilimchukua muda, na safari hii sikuruhusu mtu hata apige chafya. Akauliza, "Mwalimu, kwao ha-ha-hakuna mtu kama mimi?"

Nilimwambia labda yupo, ila haonekani. Ni kweli? Kwenye darasa lako yupo?

Nauliza pia kwa sababu mkaguzi wa programu anakuja Machi kutazama somo la duara. Akiridhika, shule inapata ithibati, na mkataba wangu wa majaribio unakuwa wa kudumu. Asiporidhika, mwalimu mkuu ameshanikumbusha, tena kwa tabasamu, kwamba duka la vifaa vya ujenzi nilikotoka bado lipo. Somo lina muda wake. Duara likisimama kwa yule mtoto, halitaondoka pale.

Mdogo wako,
Mwalimu wa Darasa la Tano


27 Februari

Mdogo wangu,

Udada nimeukubali.

Niko safarini, naandika haraka kwenye chumba cha wageni cha shule ya watu, kwa hiyo nisamehe ufupi.

Kicheko kisikukoseshe raha, sote ni binadamu. Kuhusu ukaguzi, fikiria hivi: siku ile si ya kumfundisha mtoto mmoja, ni siku ya kuonyesha njia. Mkaguzi hamjui kijana wako na hatakuwa na subira yako. Kumweka pale mbele ya mgeni ni kumtesa. Mpe kazi ya heshima nje ya darasa kwa kipindi hicho kimoja. Iwe kazi ya kuaminiwa. Mwambie ni yeye tu unayemwamini. Huko si kumfukuza, ni kumlinda. Kesho yake anarudi kwenye kiti chake na mambo yanaendelea.

Nimeshaona jambo hili likifanyika, na mtoto hakudhurika.

Kila la heri,
Dada yako


22 Machi

Dada! Dada! Dada!

Tumepita! Nimeanza na hilo maana nikisubiri nitapasuka. Mkaguzi alikaa nyuma na kalamu mkononi, lakini dakika chache tu baada ya kuanza aliacha kuandika, akawa anasikiliza. Swali letu lilikuwa, "Rafiki anakuwa rafiki kuanzia lini?" Zamu zilikwenda zenyewe, mtoto baada ya mtoto, kama watu wanaopasiana kikombe. Wakati wa kutoka akanishika mkono akasema, "Nimejiona kama natazama ile video." Nilitamani kuuzunguka uwanja mbio na tai yangu shingoni. Mwalimu mkuu ameninunulia soda mbele ya mashahidi. Mke wangu amenunua pazia jipya la sebuleni, kitu alichokataa katakata kabla mkataba haujatoka.

Na ushauri wako ulikuwa dawa. Asubuhi ile nilimwita Pikipiki nikamwambia maua yaliyo mbele ya darasa hayana wa kuyamwagilia, na ni yeye tu ninayemwamini na ndoo. Akanitazama, akatazama nje. Sasa cheka kidogo: mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, madimbwi kila mahali. Lakini alichukua ndoo akaenda. Kipindi chote nilikuwa namwona dirishani, anajaza, anamwaga, anajaza, anamwaga. Alirudi viatu vimejaa tope. Hakusema kitu, ila yeye si msemaji.

Asante, dada. Umeniokoa.

Mdogo wako mwenye mkataba


1 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera sana. Nimefurahi kwa ajili yako na mkeo, na pazia lake.

Naomba unijibu jambo moja tu. Kijana wako amesema nini tangu siku ile?

Dada yako


3 Mei

Mdogo wangu,

Huenda barua yangu ya mwezi uliopita ilipotea.

Mratibu ameniambia kwamba ulichaguliwa uwaonyeshe walimu wa shule za jirani somo lako la duara, ukakataa bila kutoa sababu. Yeye alishangaa. Mimi niliogopa.

Nakuuliza tena: kijana amesema nini?

Dada yako


19 Mei

Dada,

Hajasema kitu.

Sikukujibu kwa sababu nilidhani kesho atasema, nami nitakuandikia habari ya kufurahisha. Kila siku nikaisogeza mbele. Tangu siku ya ndoo hajatoa sauti. Si kwenye duara tu. Asubuhi nikiita majina ananyoosha kidole. Uwanjani anacheza mpira kama kawaida, akipewa pasi anairudisha, akiumia anashika mguu wake, lakini sauti hana. Milio ya injini imekoma, maana hakuna tena cha kuigiza. Darasa limetulia kwa namna ambayo inanitia baridi.

Mama yake amekuja. Ni fundi cherehani, alifika na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nilimpa kiti changu akakikataa, akakaa kwenye kiti cha mwanawe.

"Mwalimu, nyumbani hasemi," akaanza. "Hata na mdogo wake. Nimempeleka hospitali wakamwangalia koo, wanasema koo zima. Wakaniuliza kama kuna jambo limempata. Nikasema sijui, labda mwalimu anajua."

"Hapa hakuna jambo, mama," nikamwambia. "Watoto wa umri huu hubadilika. Labda anabalehe, sauti inataka kuvunjika."

"Ana miaka kumi."

"Wengine huwahi."

Akazungusha tepu kwenye vidole, akaizungusha tena kuifungua. "Mwalimu, mimi nilikuletea mtoto anayeongea kwa shida. Sasa hata hiyo shida sina."

Nilimsindikiza mpaka getini. Akanishukuru, dada. Kwa kumpa muda wangu. Nilirudi nikakaa na madaftari ya kusahihisha, nikawa natia alama za vema hata sijui wapi. Nimemdanganya mama wa watu usoni, kwa sauti ya upole, ile ile tuliyofundishwa kwenye semina ya kuongea na wazazi.

Uliniandikia kwamba uliona jambo hili likifanyika na mtoto hakudhurika. Niambie mlimrudishaje. Mlimwambia nini? Nani alimwambia? Niandikie chochote, nitakifanya.

Mdogo wako


26 Mei

Mdogo wangu,

Sikuona likifanyika. Nililifanya mimi.

Kwenye darasa la ile video alikuwepo msichana, mrefu kuliko wenzake wote, tukimwita Twiga na mwenyewe akilipenda jina hilo. Alikuwa na kigugumizi kama cha kijana wako. Duara lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote, maana ndilo somo pekee alilokuwa anathubutu kujaribu. Kabla ya siku ya kurekodi tulifanya jaribio, na zamu yake peke yake ikala karibu nusu ya muda. Mpiga video akatazama saa yake. Alitazama saa tu. Asubuhi ya siku yenyewe nikamwita Twiga pembeni nikamwambia vitabu vya maktaba vimevurugika, na ni yeye tu ninayemwamini avipange. Maneno yale yale niliyokupa wewe. Sikuwa na haja hata ya kuyatafuta.

Kama alidhurika, sikujua, kwa sababu sikumuuliza. Aliendelea kusema kidogo kidogo, nikajiridhisha. Kisha ikaja barua ya ukufunzi, yakaja makofi, ikaja safari, na kila nilipotaka kumwita nilikuta ana kipindi, au nina kipindi mimi.

Uliponiuliza mara ya kwanza nilikuandikia habari za meza. Uliponiuliza mara ya pili, swali likiwa la mtoto mwenyewe, nililia kwenye kile chumba cha wageni, nikanawa uso, nikaketi nikakupa ushauri. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ninalolipata silipendi, lakini ni lako kulijua: nilitaka na wewe ufanye nilichofanya. Nilitaka tuwe wawili.

Sina cha kukufundisha. Mwambie mama yake ukweli, na umwambie pia kwamba wazo lilitoka kwangu.

Dada yako, kama bado


2 Juni

Mwalimu,

Nimeisoma. Mke wangu pia ameisoma, nilimpa mwenyewe.

Nilikuandikia kurasa tatu za matusi ya heshima, nikazichana. Aliyempa mtoto ile ndoo ni mimi, na mvua niliiona. Hata hivyo, kwa sasa mdomo wangu haukuiti dada. Usiniandikie mpaka uwe umemuuliza huyo msichana. Mimi namwendea mama.

Mwalimu wa Darasa la Tano


15 Juni

Ndugu Mwalimu,

Nimemuuliza.

Twiga yuko Darasa la Saba sasa, jengo lile lile, ghorofa ya juu. Muda wote huu tumekuwa tukipishana kwenye ngazi, mimi nikimsalimia kwa haraka ya mtu mwenye kazi. Niliomba ruhusa kwa mwalimu wake, tukakaa kwenye ngazi hizo hizo. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nikaanza, "Unakumbuka siku tuliyorekodi..." Akaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

Nikamwambia nilimtoa kwa sababu ya muda. Kwamba vitabu vilikuwa kisingizio. Kwamba nimekuja kumwomba radhi.

Kengele ikalia, watoto wakatupita wakishuka, wakaisha. Sikumsaidia neno hata moja. Kisha akaongea, kwa vipande vya kigugumizi ambavyo sitaviandika hapa.

"Nilifika maktaba nikakuta vitabu vimepangwa," alisema. "Vyote. Nikavishusha chini, nikavichanganya, ndipo nikavipanga."

"Kwa nini?"

"Nilidhani utakuja kuangalia."

"Sikuja."

"Najua."

Nilimuuliza kama ataweza kunisamehe. Akafikiri, na niliona anafikiri kweli. Akasema ana jaribio la sayansi, akainuka akapanda juu.

Nimeiandikia ofisi ya programu nikaeleza yote, nikaomba video iondolewe na jina langu litolewe kwenye orodha ya wakufunzi. Nimemwambia na baba. Alichukua simu yake, akahangaika nayo kwa kidole kimoja mpaka akaifuta video mbele yangu, kisha akaniuliza kama nimekula. Angenifokea ningepumua.

Sikuombi unijibu.

Mwalimu wa Video


24 Juni

Mpendwa Mkufunzi,

Tumepokea barua yako kwa shukrani kubwa. Uwezo wa kujitathmini kwa uwazi wa namna hii ni miongoni mwa sifa tunazozithamini sana kwa walimu wa programu yetu.

Tumeitazama tena video husika na tumeridhika kwamba mbinu iliyoonyeshwa ni sahihi. Kwa hiyo itaendelea kutumika katika semina zote kama kawaida.

Aidha, tungependa kukualika uandae mada ya mkutano wa mwaka itakayobeba kichwa "Kujifunza Kutokana na Makosa Yetu". Tunapendekeza iwe katika muundo wa video fupi.

Kwa niaba ya ofisi,
Mratibu wa Mafunzo Kazini


28 Juni

Ndugu Mwalimu,

Nimekuwekea nakala ya jibu la ofisi. Lisome ukiwa umekaa.

Nimewajibu hapana. Begi la safari nimelirudisha, na sasa niko darasani wiki nzima, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajaamua kama ni habari njema. Video ingali inaonyeshwa na sina uwezo wa kuizuia. Ninachoweza ni hiki: kila mwalimu anayeniandikia kuisifu, namwandikia habari za Twiga. Nilikwenda kumwomba ruhusa kwanza. Alikubali, ila akaniwekea sharti moja, kwamba nisimwambie mtu yeyote kuwa amenisamehe.

Mwalimu wa Video


12 Julai

Dada,

Nimerudi kukuita hivyo. Usidhani yameisha, ila nimegundua kwamba sina mtu mwingine ninayeweza kumwandikia haya.

Nilikwenda kwa mama yule, kibandani kwake anaposhonea. Nilimweleza nimesimama, yeye anashona gauni la mteja, na mashine hakuisimamisha. Nikamweleza ndoo, mvua, mkaguzi. Nikamweleza na uongo wangu wa sauti kuvunjika. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Siku niliyokuja shuleni ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

Nikamwambia kuna mwalimu mwingine aliyenipa wazo, kama ulivyoniagiza. Akaniinulia mkono ninyamaze. "Huyo simjui. Ninayemjua ni wewe. Sasa njoo umwambie mtoto mwenyewe, na mimi niwepo nisikie."

Nikamwambia. Mtoto alikuwa nyumbani kwao, amekaa sakafuni anamfungia mdogo wake kamba za viatu. Nilichuchumaa nikasema, "Siku ile maua hayakuhitaji maji. Nilikutoa kwa sababu nilikuonea aibu mbele ya mgeni. Ulikuwa na haki ya kukaa kwenye duara, nikakunyang'anya." Alimaliza kufunga kamba ya mguu wa pili, akaivuta kuona kama imeshika, akaondoka na mdogo wake. Sikuambulia hata mtazamo. Mama akaniambia niende salama.

Mwalimu mkuu nilimweleza pia. Alisema mkaguzi ameshaondoka na mimi nina kipaji cha kujitafutia balaa. Mkataba umebaki kama ulivyo. Kila nikipokea mshahara nalikumbuka lile dirisha.

Darasani, dada, nilikuwa namruka zamu yake. Tangu anyamaze, nilikuwa nikimfikia nahamia kwa anayefuata, haraka, kana kwamba kiti kile hakina mtu. Niliona ni huruma. Mke wangu akaniuliza, "Sasa hiyo na ndoo zina tofauti gani?" Jumatano iliyofuata sikumruka. Zamu ikamfika, nikasimama hapo. Darasa zima likasimama hapo. Yule msichana wa mlio wa injini alijibana midomo kwa vidole viwili, sijui kwa kujizuia au kwa kuogopa. Kijana (lile jina la utani nimeliacha, hata kwenye barua) akafumba macho. Mishipa ikamtoka shingoni. Mimi nimeshikilia kiti changu kwa mikono miwili.

"N-n-n-ni..."

Nilidhani anasema ninaona. Nilidhani anasema nina swali. Nilishamwandalia majibu yote mawili.

"Nipite."

Basi. Alitaka nimpite. Nikasema sawa, nikampita, mtoto wa pembeni yake akajibu, duara likaendelea. Sikumbuki mtu yeyote alisema nini baada ya hapo.

Mama yake ananiambia kwamba nyumbani kijana ameanza kumgombeza mdogo wake kwa kugusa vitu vyake, na yeye anawaacha wazozane mpaka wachoke. Lakini ameshamtafutia nafasi shule nyingine, na mwisho wa mwaka anamhamisha. Hakuniomba maoni na mimi sikumbembeleza.

Wiki iliyofuata kijana alisema neno lile lile. Wiki hii pia. Kwangu hana jingine. Mke wangu ananiuliza kama hiyo ni nafuu au ni adhabu. Ninachojua ni kwamba kila Jumatano zamu inamfika, nasimama, na namsubiri mpaka amalize kunikataa.

Mdogo wako,
Mwalimu wa Darasa la Tano